Mstari Mmoja kwa Pasiansi Yote

Umma wa Mwanza unatangaziwa kwa heshima kwamba urefu umekomeshwa. Idara ya Ufupisho wa Njia, ambayo mimi ni Afisa Habari wake, imefanikiwa kuyabana mambo mengi yakawa jambo moja, na wananchi wanaombwa kufurahi kwa utulivu.

Zamani tuliteseka. Kila ofisi yetu, kutoka Bujora hadi Pasiansi, ilikuwa na fungu lake la anuani za IP, yaani namba za kompyuta zake, na ruta, ile mashine inayoelekeza ujumbe, ililazimika kukariri mstari mmoja kwa kila fungu. Ilichoka. Hata mimi ningechoka. Ndipo fundi wetu Projest aliposhauri mafungu yanayopakana yaunganishwe, ruta ikariri mstari mmoja tu badala ya utitiri ule.

"Ila katikati kuna fungu ambalo si letu, mzee," alimwambia Mkurugenzi Ndalahwa. "Ni la Ofisi ya Malalamiko. Tuwaachie mstari wao wa peke yao. Ruta ikiona mstari wa jumla na mstari mahususi, inafuata ule mahususi."

"Wako katikati yetu?"

"Kwa namba, ndiyo."

"Basi ni wetu. Futa mstari wao."

Projest aliguna, akafuta. Tangu hapo kila lalamiko lililotumwa Ofisi ya Malalamiko liliingia kwetu. Kwa kuwa hatuna dawati la malalamiko, Mkurugenzi aliagiza kompyuta ijibu yenyewe: "Lalamiko lako limepokelewa. Halina msingi." Ofisi ya Malalamiko ikakaa bila lalamiko hata moja. Wakuu wakatupongeza kwa kuwaridhisha wananchi, tukakata keki.

Kisha ikaja orodha ya nyumba za Pasiansi zilizolisogelea mno ziwa, zibomolewe. Orodha yenyewe ilikuwa vurugu: hii imo, inayofuata haimo, ile ya mbele imo. Mkurugenzi akaiunganisha: kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Nilipouliza kuhusu zile ambazo hazikuwamo, alinijibu, "Samaki mmoja akioza," akaendelea na chai yake. Ili kubana matumizi ya rangi, tulipiga X nyekundu kwenye nyumba ya kwanza na ya mwisho tu.

Katikati ya mstari huo iko nyumba ya Odeta, mjane anayeuza dagaa, aliyejenga juu kabisa kwenye mwamba, mbali na maji. Jirani yake limesimama ghorofa jipya la vioo vya buluu, ambalo mwenyewe hajulikani. Odeta alisikia kwamba mstari umempitia, akaja ofisini kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umelalamika?"

"Mara tatu. Najibiwa halina msingi. Baba, njoo uone ule mwamba, maji hayajawahi kufika pale."

"Mama, wewe umejibiwa. Wenzako wanasubiri jibu miaka."

Odeta hakulia. Alirudi nyumbani akaanza kutoa vitanda nje, kimoja kimoja. Nilimwona nilipopita, na roho iliniuma, jambo lisilomo katika majukumu ya Afisa Habari.

Siku ya kubomoa, buldoza lilishindwa kupita kwenye mawe. Dereva, Nkwabi, akaanzia palipofikika, yaani kwenye ghorofa la vioo vya buluu, kwa kuwa lami yote ya mtaa huo inaishia mlangoni pake. Nguzo mbili za baraza zilikuwa chini Mkurugenzi alipofika mbio, kandambili miguuni.

"Simama! Hii nyumba ni yangu!"

Mtaa mzima ulisikia, na mwenyewe akawa amejulikana. Kumbe hakujua kwamba yake imo: Mkurugenzi hasomi kilichofupishwa. Ndiyo maana ya kufupisha.

Nkwabi alizima injini. "Kwenye karatasi yangu hakuna nyumba ya mtu, mkuu. Kuna mstari. Labda ulalamike."

Mkurugenzi alilalamika kwa simu palepale. Jibu lilirudi vumbi halijatua: halina msingi. Akampigia Projest.

"Rudisha mstari wa Ofisi ya Malalamiko."

"Waraka wako unasema mstari uliofutwa uombwe kwanza, mzee. Kupitia Ofisi ya Malalamiko."

Mkurugenzi akamgeukia Nkwabi. "Basi toa hii moja."

"Nikitoa moja nitakuwa nimeukata mstari, na mstari ni wa ofisi yako. Futa wote, au niendelee."

Mkurugenzi aliitazama nguzo ya tatu. Akafuta wote, kwa kalamu ya kuazima, akiegemea buldoza. Idara inapenda kutangaza kwamba wakazi wa Pasiansi wamesalimika kwa huruma ya Mkurugenzi.

Vitanda viliporudi ndani, Odeta alitoka na kiti cha plastiki. Mkurugenzi alikuwa amesimama kwenye kifusi, akituma kwa simu madai ya fidia ya nguzo zake kwa Ofisi ya Malalamiko.

"Kaa, mzee," Odeta alimwambia. "Kusubiri majibu ya kule kunachosha miguu."

Kabla hajakaa, simu ililia. Alikuwa ameshajibiwa.