Yai Langu, Jua la Jirani

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Balaa! Shemeji, mdogo wa mke wangu, karudi na majibu ya damu. Vitamini D iko chini kabisa. Ndiyo maana mifupa inamuuma na mkasi umekuwa mzito mkononi. Daktari kasema apate jua na ale vizuri. Jua! Karakana yangu ya kushona ilikuwa ghala, haina dirisha hata la panya. Na Shemeji ndiye mkataji pekee. Sare za wauguzi, mia mbili arobaini, zinatakiwa mwisho wa Julai. Kibaya zaidi, Fundi wa Ng'ambo ya barabara, anayeshonea barazani, kashamwambia kwake jua ni bure. Mwizi wa mchana!

Jumanne, tarehe 4 Juni
Nimepiga hesabu. Nusu saa juani ni shati zima na kola yake. Yai huliwa huku mtu anakata. Nimeamua: chakula. Mayai matatu asubuhi, samaki wa kopo mchana. Shemeji kauliza kama namnenepesha nimchinje. Mke wangu kacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Mafuta ya samaki yamemwagikia kitambaa cheupe. Mita sita! Shemeji kasukuma sahani. "Shemeji, yai moja tu tena, nitaanza kutaga." Mafundi wote wakaangua kicheko. Saa ya mapumziko kavuka barabara. Nikamchungulia mlangoni. Kakaa barazani, mikono wazi juani, na Fundi wa Ng'ambo anamwonyesha meza ya kukatia. Meza mpya!

Jumapili, tarehe 9 Juni
Usingizi sina, lakini akili ninayo. Mafundi wangu wanabishana kipi kitamponya, jua au chakula. Mimi nachukua vyote! Nimetoboa ukuta wa mbele, nimeweka kioo kikubwa kisichofunguka. Meza ya Shemeji ipo chini yake. Jua linaingia, Shemeji hatoki. Sikusoma sana, lakini nani kafikiria hili kabla yangu?

Alhamisi, tarehe 18 Julai
Vipimo vya pili. Nimemsindikiza mwenyewe, nikiwa tayari kwa pongezi. Vitamini haijapanda hata chembe! Nikaeleza kuhusu dirisha. Daktari akavua miwani. Kasema kioo huzuia ile miale inayoufanya mwili utengeneze vitamini; joto linapita, faida inabaki nje. Na mayai je? Kasema yana kiasi kidogo tu. Chakula na jua vinasaidiana, havigombani, na Shemeji atahitaji vidonge pia. Shemeji akakunja cheti cha vidonge, akanikabidhi mimi. Afadhali angenitukana. Nyumbani mke wangu kasema nimpe nusu saa nje kila siku, yaishe. Nikasema atapewa, sare zikiisha.

Jumamosi, tarehe 20 Julai
Kaondoka, kahamia ng'ambo! Kachukua mkasi wake, kaniaga kwa adabu. "Shemeji, undugu uko palepale. Mifupa ndiyo inayohama." Sare themanini hazijakatwa. Nimejaribu mwenyewe: shati la kwanza limetoka na mikono miwili ya kushoto. Mke wangu kasema nikivuka tu barabara nikamwahidi nusu saa yake, atarudi leo leo. Nusu saa! Shati zima!

Nimeita mchora mabango badala yake. Bango litasimama mbele ya ukuta wetu, refu kupita paa. Asubuhi jua hutokea nyuma yetu. Nimepima kwa kamba, kivuli kitafunika baraza la ng'ambo mpaka kizingitini. Mchoraji kasita. Kasema litaziba na dirisha letu jipya, karakana itarudi kuwa giza. Nikamwambia achimbe mashimo ya nguzo. Dirisha lile halina faida, daktari mwenyewe kasema.