Kofia ya Nahodha na Mabega Mawili

Itangazwe kwa wanywaji kahawa wote wa mji wetu huu mdogo wa jimbo la Manitoba, huku Kanada, wazee pamoja na mbwa wao: sayansi imetoa hukumu juu ya bega la binadamu. Hukumu yenyewe ilikuwa kwenye gazeti lililofunika donati za Verna, mwenye mgahawa, nami nikaisoma kwa sauti ya mahubiri niliyoipata shule ya bweni.

"Waliovunjika mkono karibu na bega, wakapasuliwa na kutiwa chuma, na wale waliofungwa kitambaa tu shingoni, baada ya miaka mitano wengi wao wanalingana."

Chuma, yaani mzee Bjarnason, mwenye bamba na skrubu begani, akasukuma kikombe. "Hilo gazeti la kufungia donati."

"Limekuuma," akasema Skafu, yaani mzee Kowalchuk, aliyeteleza kwenye barafu ileile iliyomwangusha Chuma, akatibiwa kwa kitambaa. "Miaka mitano unanicheka. Kumbe umebeba duka la misumari bure."

"Mimi nimetengenezwa na daktari bingwa. Wewe umetengenezwa na shuka."

"Bingwa alikuahidi utapaka rangi dari. Leo hata nywele unachanwa na mkeo."

"Nywele ninazo, mzee mwenzangu. Wewe unachana nini?"

Verna akagonga kaunta. "Jumamosi tunashindana na mji jirani mchezo wa kusukuma mawe barafuni, na timu haina nahodha kwa sababu nyinyi wawili mnaugombania." Akaonyesha pembe za kulungu juu ya mlango, kofia ya nahodha ikining'inia. "Atakayeishusha kwa mkono uliovunjika ndiye nahodha. Mwingine anyamaze."

Chuma akaenda. Mkono ukapanda, ukafika sikioni, ukagoma.

"Subiri, skrubu zinapata moto," Skafu akasema. Akajaribu yeye. Sikioni. Ukagoma.

Wakabaki pale, mikono nusu juu, kama wanafunzi wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Tumelingana," Chuma akanong'ona.

"Sema kwa sauti."

"Nikisema, gazeti litajisifu."

Verna akachukua ufagio wa kusugulia barafu mchezoni, akaiangusha kofia, akaivaa. "Nahodha mmempata. Sasa, jana niliiacha msumarini hapa. Nani kaipandisha kule?"

Wazee wale, wasiowahi kukubaliana jambo, wakageuka pamoja kunitazama. Kiti changu kilikuwa bado na alama ya buti langu.

Nikainua mkono kukiri. Ukapanda wima, bila mlio wowote.

"Ushushe," akasema Chuma. "Unatutukana."