Deki Mpya na Uso wa Mama

Leo uso wangu sina pa kuuweka. Naandika haya nikiwa nimejificha jikoni, na huko sebuleni bado wanacheka. (Kuna mmoja anacheka mpaka anakohoa. Mtamjua mbele ya safari.)

Nieleze taratibu. Mnanijua, sipendi mtu aachwe njiani.

Mama yangu alitutoka mwaka juzi. Picha yake nzuri hatuna. Alikuwa mtu wa kuwapanga wenzake mstari, kuwaweka sawa kola, halafu yeye anakimbilia jikoni kabla picha haijapigwa. Iliyobaki ni ya kitambulisho, na humo anatazama kama mtu aliyekutwa na mbuzi wa jirani. Ndiyo tuliyoitumia kwenye msiba. Fundi akaikuza, akaikuza, mpaka mama akawa ukungu wa mlima Shengena. Baba akaitazama pale juu ya jeneza, akaniinamia sikioni.

"Nakijwa, huyu nani?"

Neno hilo halijaniacha mpaka leo.

Basi wiki iliyopita akanipigia simu kutoka kwetu mlimani. Baada ya salamu akasema, "Mwanangu, uso wa mama yako umeanza kuniteleza. Sauti ninayo. Mikono ninayo. Uso nikiufuata unakimbia."

Mngejibu nini? Mimi nilijibu kabla sijafikiri. "Baba, yumo kwenye sidii ya harusi ya kaka. Njoo Same Jumapili, nitakuonyesha uso wake, safi kabisa."

(Safi kabisa! Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.)

Sidii hiyo ni ya zamani, enzi za wapiga video waliopenda kurusha maua na mioyo juu ya sura za watu. Mama alipokuwa hai hakuna aliyemtafuta humo. Tulikuwa tunamtafuta jikoni, na tulikuwa tunampata. Alipoondoka ndipo nikaanza kuiweka, peke yangu, kwenye TV yangu ya chogo. Yumo pale kwenye kutoa zawadi, akina mama wa upande wetu wanapoingia wakicheza. Wote wamevaa sare, kitenge cha zambarau, na vilemba vimesimama. Uso wake ni kama uji. Lakini nilimjua kwa mikono ya gauni. Mama alikuwa ameishonea lesi nyeupe kwenye sare yake, kwa mkono wake, nami nilimshikia taa. Hakuna mwingine aliyekuwa na lesi. Basi nikiona lesi, namwona mama. Nalia, nazima, naenda kulala.

Shangazi, dada yake baba, aliwahi kuja kwangu tukaitazama pamoja. Naye alilia. "Wifi yangu jamani! Tazama alivyokuwa anajua kucheza!"

Shikeni hilo. Tutalirudia.

Sasa ninayo TV bapa, ila deki ya kuchezea sidii ilikuwa ile ile ya kale. Nikaenda Moshi. Muuzaji akanionyesha deki ya mtumba, nyembamba kama Biblia ndogo. "Dada, hii inapandisha picha. Unaweka sidii ya zamani, inatoka HD."

Nikainunua. Nikabeba matumaini yangu kwenye mfuko wa karatasi.

Leo baada ya ibada wakaja. Baba na fimbo yake. Shangazi na mfuko wa tangawizi na hotpoti la makande. Nikamwalika pia jirani yangu Mama Zuberi, muuza vitenge sokoni, maana mama alikuwa mteja wake wa miaka na waliheshimiana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi?"

Hakuuliza maji. Hakuuliza kiti. Alimuulizia mkewe.

Nikafunga madirisha na kutundika khanga tatu kuzuia mwanga. Mnajua joto la Same. Tulikaa kama viazi vitamu chini ya majivu. Lakini sikuweza kubonyeza bila kwanza kueleza. (Ndiyo ugonjwa wangu.)

"Picha ya sidii imetengenezwa kwa vitone," nikasema. "Vitone vya sidii ni vichache. TV hii inataka vingi. Sasa deki hii inajaza katikati. Inatazama kitone cha kushoto, inatazama cha kulia, inakisia cha kati kinafananaje."

"Inakisia?" akauliza Shangazi.

"Inakisia kwa akili. Tuseme umepika makande ya watu wanne, wakaja kumi. Unafanyaje?"

"Naongeza maji."

"Haswa! Sufuria inajaa, kila mtu anapata."

"Na maharage?"

"Maharage yanabaki yale yale."

Shangazi akamgeukia Mama Zuberi. "Kwa hiyo mtoto wetu ametoka hapa mpaka Moshi kununua maji."

Wakacheka. Nami nikacheka, cheko la mwalimu anayejua kwamba matokeo yatawanyamazisha wanafunzi. Nikabonyeza.

Harusi ikaanza. Nikaruka kanisa, nikaruka keki. Wakaingia akina mama wa zambarau, na mbele yao lesi nyeupe.

"Mnaona!" nikapiga kelele. "Mnaona tofauti? Tazameni nguo! Tazameni rangi!"

"Naona," akasema Shangazi, tayari pua imelowa. "Mbingu na ardhi."

"Kama yuko hapa hapa," akasema Mama Zuberi.

Baba alisogea mbele kwenye kiti. "Mm," akasema.

Nikaichukua hiyo "mm" kuwa ni furaha. Ikabidi Mama Zuberi ainuke kuchomeka feni nyuma ya TV, maana tulikuwa tunaiva. Akakaa huko muda. Halafu sauti yake ikatoka.

"Mwalimu."

"Naam."

"Huu waya mpya mbona bado uko kwenye nailoni yake?"

Nikaenda kutazama. Ndugu zangu. Waya wa HDMI, unaotoa picha iliyopandishwa, ulikuwa umelala juu ya kabati, haujafunguliwa hata gundi. Nilikuwa nimeunganisha deki mpya kwa waya zile za rangi tatu za deki ya kale, kwa mazoea. Na kwa waya ule wa njano picha haipandishwi hata ngazi moja! Tulikuwa tumeshangilia picha ile ile ya miaka yote.

"Mbingu na ardhi," akasema Mama Zuberi, akimtazama Shangazi.

"Mimi nilifuata mwenye nyumba," akasema Shangazi.

Nikafungua nailoni. Nikachomeka. Nikarudisha pale pale.

Sasa niwaambie ukweli, maana kuna mtu hapa ataniuliza kama anunue. Tofauti ipo. Ni ndogo. Kingo za vitu zilikaza, rangi zikaacha kumwagikiana, ule uji ukawa mzito kidogo. Tena TV bapa yenyewe hujaza vitone vyake hata bila deki ya namna hii, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hiyo ningeipata kwa waya mzuri tu. Usiuze mbuzi kwa ajili hiyo.

Lakini kidogo hicho kilinitosha. Lesi ikaonekana tundu tundu. Uso ukageukia kamera, ukatabasamu. Nikasimamisha picha.

Nikapiga magoti.

(Naomba msiendelee kusoma. Yaishe tu.)

Nikapiga magoti mbele ya TV, nikaweka kiganja kwenye lile shavu, nikasema kwa sauti iliyojaa, "Mama. Baba amekuja. Amekuja kukuona."

Nyuma yangu Shangazi akaachia kilio. "Wifi yangu! Umetuacha na nani, wifi! Mtu mwema namna hii!" Mama Zuberi akajifuta kwa ncha ya ushungi. Feni likazunguka. Ilikuwa, kwa kweli, dakika nzuri sana.

Kisha baba akakohoa.

"Nakijwa. Simama, mwanangu."

"Baba, niache kidogo."

"Simama. Huyo ni dada yangu."

Nikadhani amechanganyikiwa kwa uchungu. Nikaeleza kwa upole (bado naeleza! nipo magotini naeleza!) kwamba lesi ile niliishikia taa mimi mwenyewe.

"Nguo ni ya mama yako," akasema baba. "Meno si ya mama yako. Tazama mwanya."

Nikatazama. Meno ya mbele, na katikati mwanya wa kupitisha uzi wa kushonea magunia. Nikageuka polepole. Shangazi alikuwa mdomo wazi katikati ya kilio, na mwanya ule ule ukanitazama.

"Ni mimi?" akanong'ona Shangazi.

"Ni wewe," akasema baba. "Sare yako fundi hakuimaliza. Ulikuja asubuhi unalia, huwezi kuingia kwenye sherehe bila sare. Wifi yako akavua yake akakuvalisha. Nilikuwepo, nilishika pini."

Shangazi akasogea mpaka pua ikagusa TV. "Yesu wangu. Nilikuwa mwembamba hivi?" Halafu ikamfikia. "Kwa hiyo siku zote nilikuwa najililia mwenyewe? Mtu mwema namna hii?"

Mama Zuberi akaanguka. Simaanishi alicheka tu. Alianguka kutoka kwenye kochi.

Nami nikakaa sakafuni, kiganja bado kina vumbi la shavu la Shangazi. Miaka miwili nimelia kwa mtu aliyeleta makande leo. Deki inakisia? Mimi ndiye niliyekisia! Nilipewa lesi, nikajaza mama mzima.

Na hapo ndipo moyo ukaanguka kweli. Nilimwahidi baba uso. Kama yule si mama, basi mama hayumo.

"Nisamehe baba," nikasema. "Hayumo."

"Rudisha nyuma," akasema baba.

Nikarudisha.

"Mbele kidogo. Hapo. Acha hapo."

Pembeni kabisa, nyuma ya wachezaji, kwenye nguzo ya turubai, kuna mwanamke asiye na sare. Khanga tu na blauzi ya kazini. Mdogo kama ukucha. Anapiga makofi. Nimeitazama sidii hiyo mara zisizo na idadi na sikuwahi kumwona, maana nilikuwa natazama nguo yake. Uso wake ni vitone viwili vitatu. Deki ilijitahidi. TV ikajitahidi. Maji matupu.

"Baba, uso hauonekani."

Baba alishainuka. Alisogea bila fimbo.

"Ameegemeza mguu mmoja juu ya mwingine," akasema. "Alisimama hivyo hivyo siku niliyokwenda kwao, mlangoni, akijifanya hanioni."

"Lakini uso..."

"Unaonekana," akasema.

Sikueleza kitu. Mara ya kwanza maishani.

Baadaye Shangazi akafuta macho, akauliza kama tunaweza kumrudisha yeye kidogo ajililie vizuri, sasa kwa kuwa anajua. Mama Zuberi akaanza kucheka upya, safari hii mpaka anakohoa. Nikakimbilia huku jikoni kwa kisingizio cha kupasha makande, na nimeyaongeza maji.

Basi mkinicheka, na mtanicheka, chekeni polepole. Picha bado imesimama pale pale, na baba hajamaliza kutazama.