Spika ya Gogo

Jumatatu, 9 Juni
Ubatizo wa mwanangu Hana ni Jumapili. Mume wangu Fabiani anataka tukodi sabufa ya jirani, Theopista. Nimekataa! Sabufa ile ina taa kama ukumbi wa harusi, lakini mwimbaji anasikika kama kafungiwa kwenye debe. Mimi nina masikio. Nina spika niliyoing'oa kwenye redio ya marehemu babu, amplifaya ya gari bovu, na betri ya sola. Limekosekana boksi tu. Fabiani kasema sawa, ila Jumapili nikimwaibisha, makorokoro yangu yote yanaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwambia aandae masikio.

Jumanne, 10 Juni
Seremala wa Ilembo kanitajia bei ya boksi la mninga. Nilicheka mpaka Hana akaacha kunyonya. Nikajaribu chungu cha maharage. Besi tamu! Kikapasuka wimbo wa pili. Maharage tumepikia kwenye karai.

Jumatano, 11 Juni
Mungu si Athumani. Nimemkuta Babu Telesfori, mrina asali, anashusha mizinga ya magogo kwenye baiskeli. Mmoja umechakaa. Gogo zima, kavu, limechongwa ndani likabaki jepesi. Boksi si ndilo hili! Kanipa bure kwa kuwa Hana kamchekea. Kasema mjukuu wangu, huu nimeshaupaka ndani nta ya kuwaita nyuki, kaukwangue halafu uuoshe kwa maji ya moto. Nikasema ndiyo, babu. Ndiyo ya heshima. Nta inaziba nyufa, na gundi inauzwa. Nani akwangue mali?

Alhamisi, 12 Juni
Nimefunga spika mbele, nyuma nimeacha tundu besi ipumue. Jamani! Nimemsikia mwimbaji wa kwaya akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Hana katoa macho, kaweka kiganja kwenye gogo. Nikalia kidogo.
Theopista kaja kuomba chumvi, ambayo anayo. Kauliza, eti Mama Hana, hilo jeneza la nani? Nikamwambia la sabufa yako.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeutundika mzinga kwenye mparachichi, sauti iwashukie wageni. Nyuki wawili watatu wameingia tunduni, wakatoka. Theopista kapiga kelele toka uani kwake kwamba wageni wangu wamewahi. Wivu! Hata wadudu wanajua muziki safi.

Jumapili, 15 Juni
Hana kabatizwa. Hakulia. Wageni wamekaa, nikawasha. Chini ya kwaya nikasikia muungurumo. Nikajua ni waya wa ethi, ule wa kuzuia mivumo, haujashika. Nikaongeza sauti nisikie unatokea wapi.
Ulitokea tunduni. Kundi zima! Lilihamia tukiwa kwenye misa.
Nilimfunika Hana kwa kitenge, nikakimbia. Hakuguswa, Mungu mkubwa. Katekista Martin aliruka ua na sahani ya pilau mkononi, hakumwaga punje. Wote wamejibanza kwa Theopista. Kafunga madirisha, kawasha sabufa. Sherehe ya mwanangu, ndani ya debe!

Jumatatu, 16 Juni
Fabiani ana jicho moja, la pili nyuki wamelivimbisha. Kanitazama na hilo hilo, kisha kamwita mtu wa vyuma chakavu. Kaja, kanyoosha mkono kwenye amplifaya chini ya mparachichi, kaondoka mbio, mkokoteni kauacha. Nani tena atagusa vyombo vyangu? Nina walinzi elfu!
Jioni Babu Telesfori kaja kuwatazama nyuki. Kasema kundi zuri, litakaa, asali tutagawana. Nikamwambia Fabiani kwamba spika moja ilikuwa mwanzo tu, muziki unataka mbili, kushoto na kulia. Kajifunika shuka mpaka kichwani.
Babu kaniachia mzinga wa pili. Kauliza kama safari hii nitaosha nta. Nikasema ndiyo, babu.
Nta nene, inanukia vizuri! Ila na mimi si mjinga. Huu siutundiki mtini. Nauweka sebuleni, ambako nyuki hawana shughuli.