Namba ya Kisandukuni

Jumatatu, 3 Juni
Jumamosi klabu ya shabaha inachagua mtu wa kujaza nafasi ya mwisho kwenye timu. Tumebaki wawili: mimi, fundi saa, na shemeji, kaka wa mke wangu, muuza magodoro. Yeye hulenga kwa macho tu. Mimi nina akili. Kwenye kisanduku cha risasi wameandika 0.462, namba ya kukata hewa: ikiwa kubwa, risasi haichoki upesi njiani. Lakini nani aliipima? Hewa ya wapi? Siku ya joto au ya baridi? Nimeuliza mezani. Mke wangu akasema chakula kinapoa.

Jumanne, 4 Juni
Uwanjani asubuhi. Nimeazima vipima kasi viwili, kimoja karibu na mdomo wa bunduki, kingine mita mia mbele. Risasi kumi. Zote zimepungua kasi, na upungufu huo ni kazi ya hewa. Ajabu tupu! Hewa hii hii ninayoipulizia chai! Joto na unyevu nimepima mwenyewe. Mgandamizo wa hewa nikampigia karani wa kituo cha hali ya hewa. Akanipa 1013, akataka kuongeza maelezo. Nikashukuru, nikakata simu.

Jumatano, 5 Juni
Sijagusa saa ya mteja hata moja. Hesabu kurasa tisa. Jibu: 0.557! Kiwanda kizima kimekosea! Nimemweleza shemeji kwa upole. Akanipa hongera, kisha akauliza kama nimefanya mazoezi. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Juni
Mteja alileta barometa, kipima mgandamizo wa hewa, ya marehemu babu yake. Nimeitengeneza. Inasoma 840. Jumanne 1013, leo 840! Anga inaporomoka, dhoruba yaja! Nikawahimiza majirani waanue nguo. Wakaanua. Jua likawaka mpaka jioni, na jirani mwenye mashuka hanisemeshi. Lakini hewa nyepesi ni neema: risasi itashuka kidogo tu. Nimepiga hesabu kwa 840 na ile 0.557 yangu, nikapunguza kipimo cha darubini ya bunduki.

Jumamosi, 8 Juni
Mita mia sita. Risasi ya kwanza: kwenye tuta, chini ya ubao. Ya pili, hapo hapo. Zote tano! Sahani moja ingezifunika. Mwenyekiti wa klabu, mama asiyecheka, akasema tuta limepigwa vizuri sana. Shemeji akalala kifudifudi, kazi aliyoizoea, akatumia namba ya kisandukuni, akaweka nne ndani ya duara. Nafasi imekwenda. Nilijifungia chooni. Nimeumia, sitaficha.

Jumatatu, 10 Juni
Leo sikumkatia karani simu. Kumbe 1013 ni hewa iliyogeuzwa kwa hesabu, kana kwamba mji wetu uko usawa wa bahari. Sisi tuko juu, na hewa yetu halisi ni kama 840 mwaka mzima. Nilipima risasi kwa hewa nzito ya karatasini, nikaipiga kwenye hewa nyepesi ya kweli. Nikarudia kurasa zote tisa. Jibu: 0.462. Ile ile ya kisandukuni.

Jioni shemeji kaja na godoro jembamba la kulalia uwanjani, zawadi. Akasema risasi zangu zilikaa pamoja kuliko zake, na amemwomba mwenyekiti niwe mlengaji wa akiba. Mwenyekiti kakubali kwa sharti moja: nitumie namba ya kisandukuni, hesabu nisiguse. Machozi yalinilengalenga. Nimeapa mbele ya mke wangu.

Jumanne, 11 Juni
Nimelijaribu godoro uwanjani. Laini. Ila limeniinua sentimita nne! Bunduki sasa iko juu zaidi, na hewa ya huko si ile ile. Nimempigia karani. Aliposikia sauti yangu, simu ikakatika. Kesho asubuhi nitamngoja mlangoni kwake. Kurasa tisa mpya nimeshazipigia mistari.