Tangi la Mwanyumba

Jumatatu, 4 Machi

Pikipiki ya mwanyumba imetoka gereji leo. Mwanyumba ni mume wa mdogo wake mke wangu. Kabla hajaingia katika familia hii, mkwe nilikuwa peke yangu na maisha yalikuwa mazuri. Mwezi uliopita aligonga ukuta. Ukuta umesimama pale miaka yote, kila mtu anaupita, yeye akaugonga. Na amelipwa! Bima imempa tangi jipya, kiti kipya, rangi mpya juu mpaka chini. Akaipeleka kwa mama mkwe kuionyesha. Mama mkwe, ambaye kwa miaka sita amekataa kupanda yangu kwa sababu ya mgongo, akapanda. Wakazunguka mtaa mara mbili. Mgongo umepona ghafla.

Mimi nina bima kubwa kama yake, kampuni ileile. Nalipa kila mwaka bila kukosa. Sijawahi kupata hata nati moja. Miaka sita ya kuendesha kwa uangalifu, na haya ndiyo malipo yake.

Sina wivu. Naandika tu yaliyotokea.

Jumanne, 5 Machi

Leo ni zamu yangu! Lori la unga limerudi nyuma pale getini, kwenye kiwanda ninachokisambazia mikate madukani, likaipiga pikipiki yangu niliyoiegesha. Nilikuwa ndani napanga kreti. Nilipotoka nikaikuta imelala ubavu. Dereva wa lori akashuka, akaniomba radhi. Nikamkumbatia. Mlinzi wa getini akaniuliza kama nami nimegongwa kichwani.

Nikampigia wakala wa bima. Akasema nisiguse kitu, mkaguzi wao atakuja Ijumaa aione kama ilivyo. Meneja wa kiwanda akasema atanivumilia mpaka Jumatatu. Maduka ishirini na mawili hayawezi kukaa bila mikate, na nikichelewa njia yangu anampa mtu mwingine. Njia hiyo ndiyo inayotulisha. Nikamwambia asiwe na shaka.

Jioni nikaisukuma mpaka nyumbani, nikamleta fundi wa gereji ile aangalie. Akaizunguka mara moja tu. Taa ya mbele imepasuka, madigadi ya mbele imepinda, basi. Kazi ya asubuhi moja. Nikamwuliza, tangi je? Akasema tangi ni zima kabisa, nimshukuru Mungu.

Nimeshindwa kula. Mwanyumba tangi, kiti, rangi. Mimi taa!

Jumatano, 6 Machi

Nina mpango. Mchana nilipita gereji kumsalimia fundi, nikakuta amekwenda kula. Nyuma ya pipa la oili chafu nikaliona: tangi la zamani la mwanyumba, limebonyea ubavu mzima, zuri ajabu. Pikipiki zetu ni aina moja. Fundi aliwahi kuniambia kampuni ya bima itatuma gari kuchukua mabaki. Wiki ya tatu hii, gari halijaonekana. Kama hawalitaki, hawalitaki. Nikalitia kwenye gunia nikaondoka nalo.

Kulifunga nyuma ya jiko kumenichukua alasiri nzima. Tatizo moja dogo: langu ni jeusi, lake la buluu. Nikakumbuka rangi ya viatu. Makopo mawili, brashi moja, na subira. Ukisimama mbali huwezi kujua.

Tangi langu zima nimelificha chini ya kitanda. Mke wangu akauliza chumbani kunanuka nini. Nikasema ni kwa jirani. Akauliza mbona nina weusi mpaka viwikoni. Nikasema nimepiga viatu vya watoto brashi. Akaenda kuvitazama viatu vya watoto. Akarudi, akafungua dirisha.

Alhamisi, 7 Machi

Meneja amesikia mwanyumba ana pikipiki nzima, amemwomba anishikie njia kwa siku hizi chache. Mwanyumba mwenyewe amekuja kuniambia, kwa heshima zote. Akaniita kaka, akasema ni kwa muda tu, nikiwa tayari nimwambie. Nikacheka, nikamshukuru sana. Kisha nikaenda chooni nikaupiga ukuta teke. Kidole gumba kimevimba.

Mke wangu anasema wenye maduka wanamsifu kwa kuwahi. Nani amemwuliza?

Mama mkwe naye amepita. Mwanyumba anamwita mwanangu. Mimi ananiita huyu wenu. Alisimama mbele ya pikipiki yangu, akatikisa kichwa, akamwambia binti yake kwamba alipopata ajali, mwenzangu angalau alikuwa anakwenda mahali. Yangu imegongwa imesimama. Hata ajali yangu haijamridhisha.

Ijumaa, 8 Machi

Mkaguzi alifika saa tatu asubuhi. Mtu mfupi, mpole, miwani imefungwa uzi shingoni. Mke wangu akamletea kiti na chai. Akaandika taa. Akaandika madigadi. Akafika kwenye tangi, akasimama. Nikaanza kumweleza lori lile lilivyokuwa zito. Akaligusa tangi kwa kidole, akakitazama kidole, akakinusa. Akauliza kama nina spana namba kumi.

Nikasema sina. Nilikuwa nimeishika mkononi.

Akaichukua, akalifungua tangi mwenyewe, akaligeuza chini juu. Kule chini, mahali ambapo sikuwahi kufikiria kutazama, palikuwa na namba ya rangi ya njano na sahihi. Akavaa miwani kuisoma, ingawa nadhani hakuhitaji, maana sahihi ilikuwa yake. Kumbe kifaa kikishalipiwa kinakuwa mali ya kampuni, na yeye hukitia alama mahali pa siri kisije kikalipiwa tena. Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa. Aliyasema yote hayo bila kupandisha sauti.

"Hili tangi nililizika mwezi uliopita," akaniambia. "Naona limefufuka."

Akakata mistari miwili kwenye fomu, wa taa na wa madigadi. Madai yote yamefutwa, na bima yenyewe imefutwa. Kesho nilirudishe tangi ofisini kwao kwa mikono yangu, la sivyo atakwenda polisi. Akamaliza chai yake, akamshukuru mke wangu, akaondoka.

Mke wangu akakaa kwenye kile kiti, kikombe cha mkaguzi mkononi. Nilitegemea makelele. Makelele yangekuwa afadhali.

"Ilikuwa taa tu, baba watoto," akasema. "Taa na madigadi. Leo tungekuwa tumemaliza."

Niliona aibu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: niliona aibu sana. Lakini hata mwanyumba, kama angepewa taa tu, angefanya hivyohivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelibeba tangi begani, kwa miguu. Gunia likachanika njiani, kwa hiyo mtaa mzima umeliona. Fundi alipaswa kulitunza mpaka lichukuliwe, na mkaguzi amemgombeza kwa sababu yangu. Aliponiona napita alifunga mlango wa gereji kwa ndani.

Sijafika hata nusu ya njia, nikasikia honi. Mwanyumba, na kreti tupu nyuma. Akasema panda, kaka. Hakuuliza nimebeba nini, na mabonyeo yake anayajua moja moja. Nikapanda, tangi mapajani. Kiti kile kipya ni laini kweli. Nimekichukia safari nzima.

Jioni akaja nyumbani na taa. Ni taa yake ya zamani, aliyoivua mwaka jana alipotaka yenye mwanga mkali zaidi. Akaifunga, akainyoosha madigadi kwa nyundo, tukalirudisha tangi langu mahali pake. Nusu saa tu. Mke wangu alimshukuru mpaka akafuta macho. Nami nilimshukuru, meno yamebana.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika kiwandani alfajiri, taa inawaka. Kreti zangu tayari zimefungwa kwenye pikipiki ya mwanyumba. Meneja akasema wenye maduka wameomba waachiwe huyohuyo. Habari za rangi ya viatu zimemfikia pia. Mwanyumba akanitetea mbele ya wapakiaji wote. Akasema mimi ni mtu mwema, nina watoto, nimekosea mara moja. Wapakiaji wakaniangalia kwa huruma. Meneja akakataa. Sijui ni kipi kimeniuma zaidi, kunyimwa njia au kutetewa na yule.

Nyumbani mke wangu ameanza kupunguza sukari kwenye chai. Hajaniambia kwa nini. Najua.

Alhamisi, 14 Machi

Habari kubwa! Mwanyumba ameteleza kiwandani akishusha kreti. Kifundo cha mguu kimevunjika. Plasta mpaka gotini, wiki sita. Meneja amenipigia simu mwenyewe. Njia ni yangu tena kuanzia kesho, na nikifanya kazi wiki hizi sita bila vituko hataniondoa. Mke wangu amecheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Amenipigia shati pasi.

Jioni tukaenda kumpa pole mgonjwa. Amejilaza kwenye kochi, mguu juu ya mito miwili. Kumbe kiwanda kinamkatia bima ya ajali kila anayekifanyia kazi, na imelipa kila kitu mpaka magongo. Magongo mapya! Mama mkwe amehamia pale kumwuguza. Anamnywesha supu kwa kijiko, mtu ana mikono miwili mizima. Watoto wameandika majina yao kwenye plasta. Mke wangu akaomba kalamu, akachora ua. Mimi nikaambiwa na mama mkwe nisogee, namzibia mwanawe feni.

Tumerudi. Pikipiki imejaa mafuta, shati limetundikwa, mke wangu ametega simu imwamshe saa kumi na moja anichemshie chai. Ameniambia ananiamini.

Stoo ya kiwanda ina ngazi nne za saruji, mbele kabisa ya dirisha la meneja, kwa hiyo shahidi yupo. Nimepiga hesabu. Kuanzia ya tatu inatosha, ukitua kwa upande.