Mito Kumi na Miwili ya Sadiya

Ijumaa, 1 Novemba 1974, Arua

Mvua kubwa jana. Dari la chumbani limevuja tena, upande wangu wa kitanda. Upande wa Sulemani mkavu kabisa.

Baada ya swala mume wangu akaweka ngazi, akafungua kile kifuniko cha dari ambacho hakijaguswa tangu tupewe nyumba hii, akaingia nusu mwili. Akashuka mweupe kama kondoo. Kichwa, nyusi, ndevu. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Halafu nikashika. Laini! Nyepesi kuliko sufi. Anasema huko juu imejaa katikati ya mbao zote, ukuta hadi ukuta. Bila shaka ni Mzungu wa kwanza, aliyejenga nyumba, aliiweka ili joto la mabati lisimpike. Sulemani anasema tuiache ilivyo. Yeye kila kitu hutaka kiachwe kilivyo, hata bomba la uani.

Tangu Idi namwomba Mungu mito. Leo imeshuka kutoka juu. Sisemi ni muujiza. Naandika tu ilivyotokea.

Jumapili, 3 Novemba

Niandike sawasawa, nisije nikajisahau. Sadiya ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka minne. Dada alikufa kwa pumu, na mtoto amerithi kifua hichohicho. Aliponikabidhi alisema neno moja tu: mwangalie. Nimemwangalia miaka kumi na saba. Jumapili ijayo anaolewa Koboko.

Sasa hao shangazi wa bwana harusi. Wakija kumchukua bibi harusi huingia chumbani, hukagua matandiko, hubonyeza mto mmoja mmoja. Walichokiona kitafika kijijini kwao Abuku kabla ya jua kuzama. Na mimi kwa mdomo wangu nilitangaza mito kumi na miwili, tena mbele ya Hawah, jirani yangu. Sufi mwaka huu hakuna. Pamba safi ya kiwandani haipatikani bila kujuana na mtu, na anayejuana na mtu ni Hawah, kaka yake yuko kwenye mashine. Kumwomba Hawah? Heri nijaze mawe.

Sulemani amekwenda Vurra na lori, harudi mpaka Jumatano. Nikasema bismillahi, nikapanda mwenyewe. Nikawa naichota kwa mikono na kuidondosha, Sadiya anapokea chini kwa shuka. Chumba kikawa ukungu mtupu. Sadiya akakohoa. Nikamwambia ni vumbi la Kizungu, litaisha. Nikamchemshia tangawizi. Nikafagia mara tatu kwa ufagio mkavu, na kila nikifagia, linarudi palepale.

Mito minne.

Jumatatu, 4 Novemba

Mito tisa. Tumekaa mlango umefungwa, asije mtu akaona. Yeye anajaza, mimi nashona.

Hawah akaja hata hodi hakusubiri vizuri. Akabonyeza mto, akabonyeza tena. Akauliza, hii sufi gani, mbona haina mbegu hata moja? Nikamwambia ni ya Kongo, kaletewa Sulemani. Akasema, haya, Mama Kongo, hongera. Akaondoka anatabasamu. Nimesema uongo mmoja. Nitafunga Alhamisi.

Kifua cha Sadiya kinapiga filimbi. Mchana aliegemea ukuta akaniambia, Mama, hewa iko kidogo. Nikamwambia ni woga wa harusi, hata mimi niliupata. Akanitazama kama dada yangu alivyokuwa akinitazama. Nikashika sindano.

Jumanne, 5 Novemba

Kumi na miwili! Ilitimia saa nne asubuhi. Saa tano haikuwa tena na maana.

Severino ameleta kitanda cha harusi. Ni fundi seremala wa Ombaci, mtu mpole, Mkatoliki wa misa ya kila siku. Toka getini hadi mlangoni anasimama mara tatu kuvuta pumzi. Nilidhani ni uzee, kumbe ananizidi mwaka mmoja.

Aliona mto mmoja haujashonwa mdomo. Akachomoa unyuzi, akausugua kwa vidole. Akawasha kiberiti. Unyuzi ukawa mwekundu, ukazimika, ukabaki uleule. Mimi nikafurahi. Nikamwambia, unaona fundi, mito isiyoshika moto, baraka gani hii kwa nyumba mpya?

Hakucheka. Akasema taratibu tutoke wote, tusitikise kitu, tusifagie. Akafunga mlango nyuma yetu. Uani ndipo akasema.

Inaitwa asbesto. Aliifunga kwenye mabomba ya mvuke miaka kumi na minane, katika karakana moja kule Mombasa. Walikuwa sita. Walicheza nayo, walirushiana kama watoto. Sasa amebaki yeye. Vumbi lake halionekani lote. Linaingia kifuani na halitoki, na ubaya wake unajitokeza miaka mingi baadaye, wakati umeshasahau. Daktari alimpiga picha akamwonyesha. Akasema, "Mama, huko juu ilikuwa imelala. Kitu ikilala, unaacha. Wewe umeamsha."

Nikauliza habari ya Sadiya. Nilitaka aseme hakuna neno. Akasema siku mbili si miaka kumi na minane, lakini hakuna mtu anayejua kipimo, na kifua cha mtoto tayari kina shida. Kwa hiyo basi, iishe leo. Asirudi chumbani. Aoge, nywele pia.

Nikaenda nyuma ya choo nikalia. Miaka kumi na saba namwangalia, halafu mimi ndiye nimempa vumbi kwa mikono yangu, kwa sababu ya shangazi za watu.

Niliporudi, fundi akauliza mito iko mingapi. Nikasema kumi na mmoja.

Niliisema kabla sijafikiri. Wa kumi na mbili ninao ndani ya sanduku la bati, chumba cha nyuma. Foronya yake nimeikata kwenye gauni la dada, la kijani. Nimeidarizi miezi mitatu. Fundi alishasema na foronya zote zizikwe. Ya dada siwezi.

Jumatano, 6 Novemba

Sulemani amerudi, amesikia yote, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akavua shati apande darini. Severino akamzuia. "Hapana, bwana. Kifua yangu imeshaharibika. Yako bado. Wewe chimba."

Basi mume wangu akachimba nyuma kabisa, mbali na kisima, shimo linalozidi kimo chake. Severino amekuja na pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa ya pamba, ameiosha, ameijaza maji na sabuni kidogo. Akafunga uso kwa kitambaa kibichi, ingawa alisema kitambaa kinasaidia kidogo tu, kinga yenyewe ni maji. Nilimsikia kupitia mlango. Ananyunyiza, anakohoa, anapumzika. Ananyunyiza tena. Kikiwa kibichi hakiruki, ndivyo alivyosema. Maji ndiyo dawa yake.

Mito iliyolowa akaiweka katika magunia ya mbolea yenye nailoni ndani, gunia ndani ya gunia, akafunga kwa waya. Sakafu na kuta akapangusa kwa matambara mabichi, na matambara nayo yakaingia guniani. Ufagio wangu pia. Ya darini hakuigusa. Alilowesha kingo tu, akarudisha kifuniko, akakipigilia misumari, akaziba nyufa kwa gundi ya unga na karatasi. Bati litazibwa kutokea nje, mtu asipite darini tena. Akaandika kwa mkaa: USIFUNGUE.

Mwisho akaoga nyuma ya uzio, akavaa kanzu ya Sulemani. Nguo zake alizofanyia kazi akazizika pamoja na magunia. Shati lilikuwa zima. Nikasema nitamfulia. Akasema, hapana, mama, hii haifuliwi.

Sulemani akafukia, akaweka jiwe la kusagia lililovunjika juu, mtu asije akachimba.

Severino akaniuliza tena, kumi na mmoja? Nikasema ndiyo, kumi na mmoja. Fundi wa watu aliniamini moja kwa moja. Alhamisi moja ya kufunga haitatosha.

Ijumaa, 8 Novemba

Sadiya amelala kwa Filda, nesi, siku tatu sasa. Filimbi imepungua. Nimesujudu mpaka paji limeuma.

Mito hakuna. Nikavaa, nikaenda kwa Hawah. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima: kwamba ile ya Kongo ilikuwa na wadudu. Nikafika, akanikaribisha, nikasema, Hawah, mimi ni mjinga. Sijui ilitoka wapi.

Akaniacha nimesimama kidogo. Halafu akafunua pazia. Mito kumi na miwili, pamba ya kiwandani, myeupe. Akasema alianza kuishona Jumatatu ileile, alipotoka kwangu, maana aliona macho ya mtoto. "Mama Kongo," akasema, "chai iko mezani."

Nimekunywa vikombe viwili. Vichungu, ingawa sukari ilikuwemo.

Jumapili, 10 Novemba

Ameolewa. Shangazi wa Koboko walibonyeza yote kumi na miwili. Mmoja, mnene, akauliza nani kashona. Hawah alikuwa pembeni yangu. Nikafungua mdomo. Hawah akasema, "Ni Mama." Hapo nikatamani ardhi inifunike, jiwe la kusagia juu yake.

Sadiya alipoingia garini akanishika mkono. Alipumua vizuri. Nilihesabu pumzi zake mpaka gari likapinda. Nilimwahidi marehemu mama yake, na wewe daftari ndiwe shahidi, kwamba sitacheza tena na kitu nisichokijua.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimefunga leo. Mwili mwepesi, moyo mweupe.

Asubuhi sokoni nimemkuta Santina, binti wa Severino. Baba yake hajiwezi tangu Jumamosi. Akilala chali hewa inakatika, kwa hiyo hulala ameketi, ameegemea gunia la mahindi. Hawana mto wa kumwinua. Nilisimama na vitunguu mkononi, machozi yakanitoka. Mtu amevaa ubaya wote yeye mwenyewe ili sisi tusiuvae, na anaegemea mahindi!

Nikarudi nyumbani moja kwa moja, nikafungua sanduku la bati.

Mto wa dada haujaguswa, unapendeza. Najua alichosema fundi, sijasahau hata neno. Alisema maji ndiyo dawa yake. Na sisi tumefundishwa chuoni tangu wadogo kwamba hata najisi nzito, ya mbwa, ikioshwa mara saba, moja kwa udongo, kitu kinakuwa safi. Sasa kama mbwa anatoka, vumbi ni nini? Nikauosha mara saba. Ya kwanza kwa udongo, kisha maji matupu mara sita, nikihesabu kwa vidole, nikikamua. Alisema hii haifuliwi, lakini yeye ni Mkristo, hajui hesabu ya saba.

Ukakaa juani, kwenye uzio, tangu adhuhuri. Kwenye saa kumi ulikuwa mkavu ila umekunjamana, umeshikana kama ugali. Mgonjwa hapelekewi kitu kama hicho. Nikachukua fimbo nikaupiga, upande huu, upande ule, mpaka ukajaa. Laini tena, kama siku ya kwanza. Vivumbi vidogo vikatoka vikaelea kwenye mwanga wa jua la alasiri, vinang'aa. Vizuri kuangalia. Nilipiga chafya mbili, nikasema alhamdulillahi.

Nimeufunga kwa utepe. Sulemani sikumwambia, angesema tuuache ulivyo. Kesho asubuhi napanda baiskeli ya kukodi hadi Ombaci, nimwekee Severino mwenyewe, nyuma ya kichwa, karibu na shavu, apate kupumua.